Mbona kurudi ni haraka kuliko kwenda?

Swali: London hadi New York ni takribani kilomita 5,550. Kwa nini kwenda huchukua karibu saa 8, kurudi kama saa 7?

Jibu: Ni upepo, ndugu msomaji. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, mkondo mkali wa hewa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ya kilomita 900 kwa saa ikikabili upepo wa 100, husonga kwa 800. Ikisukumwa nao, 1,000. Gawanya umbali: karibu saa 7 dhidi ya 5 na nusu. Ongeza muda wa foleni uwanjani, kupaa na kushuka.

Wengi hukosea kwenye tiketi: saa zilizoandikwa ni za kila mji, na saa ya New York kwa kawaida iko nyuma ya London kwa saa 5. Ukienda, ongeza saa 5 kwenye tofauti unayoiona. Ukirudi, toa 5.