Rangi Inabanduka Kwenye Bampa? Usikimbilie Mashine ya Plazma

Msomaji mmoja, fundi wa rangi pale Unga Limited, Arusha, kaniuliza kama anunue mashine ya plazma ya kusafishia. Bampa anazopaka zinabanduka rangi gari likipelekwa kuoshwa mara mbili tatu. Ndugu yangu, weka hela mfukoni kwanza.

Hii si ile plazma ya kukatia chuma. Ni hewa, oksijeni au agoni iliyopitishiwa umeme mpaka ikawa chembe zenye chaji. Zikigonga plastiki, zinaondoa utando mwembamba sana wa mafuta, wa kupimwa kwa nanomita, na kupachika oksijeni juu ya uso. Grisi, tope la porini na nta ya kung'arishia dashibodi haziwezi kuviondoa. Mashine hii ni hatua ya mwisho, baada ya kuosha. Anayekuuzia kama mbadala wa sabuni anakudanganya.

Mafundi wengi wanachanganya uchafu na asili ya kitu. Chuma kilichosafishwa ukikimwagia maji safi, maji yanatanda bila kukatika. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo. Kipimo hicho usikipeleke kwenye bampa tupu ya PP (polipropilini, aina ya plastiki), maana hata ikiwa safi kabisa maji yatafanya matone. Nguvu ya uso, yaani jinsi uso unavyovuta kimiminika kitande juu yake, kwa PP ni kama milinyutoni 30 kwa mita, ya maji ni karibu 73, na rangi nyingi zinahitaji uso wa 38 au zaidi ndipo zishike. Hilo ndilo plazma inalotibu. Geuza bampa usome alama kwa ndani: ikiandikwa PP au PP+EPDM (PP iliyochanganywa na mpira), una kazi. Ikiwa ABS, plastiki ya aina nyingine, usafi na msasa kwa kawaida vinatosha.

Sasa utaratibu. Osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, kausha. Kisha futa kwa alkoholi ya isopropili au kisafishio cha plastiki, vitambaa viwili vyeupe: cha kwanza kinalowesha, cha pili kinafuta kabla dawa haijakauka. Fanya eneo dogo dogo, hasa jua likiwaka. Kitambaa kimoja cha kutwa nzima hakisafishi, kinatandaza mafuta tu. Petroli iache kwenye tangi, ina viongezi vinavyobaki juu ya uso. Msasa unafuata baada ya hapo, namba 320 hadi 400. Ukianza na msasa, unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo na hakuna kitambaa kitakachoyafikia. Puliza vumbi, futa tena, usiguse kwa mkono mtupu, piga koti jembamba la praima (rangi ya chini ya kushikisha) ya plastiki ya PP na ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo. Hii ndiyo dawa ya karakana yenye bampa chache kwa wiki.

Kompresa nayo ikaguliwe. Shikilia karatasi nyeupe mbele ya mdomo wa hewa kwa dakika moja. Ikitoka na madoa ya maji au mafuta, hayo ndiyo unayopaka pamoja na rangi. Na asubuhi za Juni na Julai, Arusha ikiwa na ukungu, usipake chuma ambacho joto lake halijapita kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone) kwa nyuzi 3 angalau, wala unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85.

Plazma ina faida pale vipande vya umbo moja vinapopita kwa mamia na mkono wa roboti unashika umbali uleule wa milimita chache. Kwa mkono, kwenye bampa yenye mikunjo, sehemu nyingine zitarukwa. Ukikawia sehemu moja, plastiki inaungua na kuacha tabaka dhaifu linalotoka na rangi yote. Nguvu ya uso iliyoongezwa na plazma nayo hufifia kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo ni kupaka upesi.

Kabla ya kununua chochote, pima bampa moja ya zamani. Rangi ikishakomaa, chora mistari sita ya wembe kwenda na sita ya kukatiza, umbali wa milimita 2, bandika selotepu kwa nguvu, ivute. Praima ikitoka na kuacha plastiki tupu, kosa ni maandalizi. Rangi ya juu ikitoka na kuacha praima, tatizo liko kati ya makoti, na plazma haikuhusu kabisa.