Wakikuuliza "Una Swali Lolote?" Usiseme Huna

Juzi kuna mdada kanitumia meseji, ana intavyuu kwenye kampuni moja Mikocheni, Dar, ananiuliza "dada, wakisema niulize swali si wataniona mjuaji?" Nimemjibu kwa kirefu mpaka nikaona bora niandike hapa hapa maana najua mko wengi.

Hiyo hofu naielewa. Nafasi moja mnaitwa ukumbi mzima, umebeba vyeti kwenye bahasha, unachoombea ni wakuchukue tu. Lakini mdogo wangu, wao watakuuliza mpaka ya ndani. Kwenye kazi yangu ya kwanza ya uhasibu, ofisi siitaji, waliniuliza umeolewa, una mchumba, unategemea kuzaa lini. Nikajibu yote kwa adabu. Nilipopata ujauzito HR akaniambia likizo ya uzazi wanatoa mwezi mmoja na nusu, "ndo utaratibu wetu". Utaratibu gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 33, inasema siku 84 zenye malipo, na ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo ni siku 100. Nimerudi nikakuta kwenye meza yangu amekaa kijana ambaye mimi ndo nilimfundisha kuposti vocha, mafaili yangu yamesukumiwa kwenye boksi la karatasi za A4 chini ya printa. Maziwa nikawa nakamua chooni nimesimama, mkono mmoja umeshikilia mlango maana kitasa kilikuwa kibovu, huku watu wanagonga. Na sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mwanae! Mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande mwingine.

Sasa mwaka huu nimepata kazi nyingine, ofisi iko maeneo ya Posta mjini, namshukuru Mungu, na nimeipata nikiwa nimeuliza. Mbele yangu wamekaa wababa wawili na mama mmoja. Waliposema "una swali?" nikauliza, mdada wa mwisho kwenda likizo ya uzazi hapa, alirudi kwenye nafasi yake ile ile? Wababa wakamgeukia mama. Mama akasema alirudi, yuko ghorofa ya chini, ukitoka kamsalimie. Na kweli nilishuka nikamsalimia, akaniambia mengi kuliko walivyoniambia wale watatu.

Hilo swali ndo namba moja, lishike. Usiulize "mnatoa likizo ya uzazi?" maana kila mtu atasema ndiyo, uliza nani alienda na nini kilimkuta aliporudi.

La pili ni hela, na hapa wadada tunajificha sana, sijui nani alitudanganya kwamba kuuliza mshahara ni tamaa. Uliza hiyo waliyotaja ni kabla ya makato au ni ya mkononi, uliza michango ya NSSF, ule mfuko wa pensheni, inapelekwa kila mwezi au la, kuna maofisi yanakata kwako na hayapeleki. Uliza aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yako aliondoka kwa nini. Kama alikuwa mwanaume, uliza na ngazi ya mshahara ya nafasi yenyewe, sheria inataka kazi ya thamani sawa ilipwe sawa.

La tatu ni muda. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, zikizidi ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Ila wewe uliza hivi, mwisho wa mwezi tukifunga mahesabu mpaka saa nne usiku, mimi nakaa Mbagala, nani ananirudisha nyumbani? Ofisi yenye akili ina jibu. Isiyo nayo utaona wanachekacheka.

La nne linataka moyo. Mtu akisumbuliwa kimapenzi na mkubwa wake, analalamika kwa nani? Wakisema kwa meneja wake, basi huko hakuna pa kulalamikia. Na kama huyo anayekufanyia intavyuu ndo anakuambia mkaongelee kazi hotelini jioni, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, pigia TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba 113.

Wakikuuliza wewe utazaa lini, jibu kwa utulivu kwamba ungependa mzungumzie majukumu ya kazi. Kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Ajira kinakataza kubagua mtu kwa jinsia, ujauzito au ndoa, na hata mwombaji kazi analindwa humo. Mungu hakukupa mdomo wa kulia chakula tu, na hayo maisha unayoenda kuyaishi pale ofisini miaka na miaka ni yako, sio ya HR.

Na wakikupa ofa usisaini mbele yao. Omba mkataba ulale nao, tafuta mstari wa likizo ya uzazi, wa saa za kazi na wa NSSF, usipouona mwandikie HR imeili uulize tena, hata kama walishakujibu kwa mdomo.