Kidonda Kimefika Mfupani: Je, Mguu Ukatwe?

SWALI: Baba yangu ana kisukari kwa miaka mingi, na sasa ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Daktari aliingiza kijiti cha chuma kidondani, akasema kimegusa mfupa, na kwamba atatoa kipande kilichooza kisha ampe antibiotiki. Baadhi ya ndugu wanataka mguu ukatwe mara moja, wengine wanataka vidonge tu. Tumsikilize nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana kwa kuuguza mzee. Kwa maelezo yako, daktari wenu yuko kwenye njia sahihi. Kijiti kile kikigonga kitu kigumu chenye kukwaruza, shaka ya bakteria kuingia mfupani huwa kubwa hata kama eksirei ni safi, kwa kuwa uharibifu huweza kuchukua wiki mbili au tatu kabla ya kuonekana kwenye picha.

Dawa hubebwa na damu, na mfupa uliokufa haupitishi damu. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kumeza vidonge bila kukosa hata kimoja, ngozi ikafunga, kisha miezi kadhaa baadaye usaha ukachuruzika palepale. Wapo wanaopona kwa dawa peke yake, hasa kama mfupa ni wa sehemu ya mbele ya mguu, haujatokeza nje na damu inafika vizuri; hao hutumia dawa kwa takriban wiki sita. Mfupa mbovu ukitolewa wote, siku chache hutosha. Ukingo uliobaki ukikutwa na bakteria, dawa huendelea hadi wiki tatu.

Ombeni kipande kitakachotolewa kipelekwe maabara ili bakteria waliomo waoteshwe, na dawa ichaguliwe kwa kumjua adui. Wala si lazima iwe sindano muda wote: utafiti wa OVIVA wa Uingereza, uliochapishwa 2019 kuhusu wagonjwa 1,054 wa maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vyema havikuwa duni kuliko dawa za mshipani katika wiki sita za mwanzo.

Kabla ya upasuaji, mtiririko wa damu mguuni upimwe. Baada yake, mzee asikanyagie kidonda, na sukari idhibitiwe. Kukata mguu ni kwa hali ambapo nyama imekufa kwa upana au maisha ya mgonjwa yamo hatarini. Mkiona homa, wekundu unaopanda au kidole kinageuka cheusi, mpelekeni hospitali usiku huohuo.