Anaposema yuko sawa, bado mpeleke

Nauza dawa Nyakato, na kila wiki kuna anayeniuliza, "Daktari, hii haina sumu?" (Mimi si daktari, ila hapa Mwanza anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa huitwa daktari, nimeshachoka kukataa.) Huwa namrudishia maswali: unakunywa kiasi gani, kwa siku ngapi, na anayekunywa ni nani? Tabibu Paracelsus, mzaliwa wa Uswisi, aliandika mwaka 1538 kwamba kila kitu ni sumu, kipimo ndicho kinachoamua. Sisi bado tunaamini sumu ni ile ya panya tu.

Mimi inayonitisha zaidi ni paracetamol. Mtu ana homa, amemeza mbili mbili tangu asubuhi. Jioni anakuja kuchukua dawa ya mafua, na ndani yake kuna paracetamol. Kabla ya kulala anaongeza ya mgongo, nayo imechanganywa na paracetamol. Pakiti tatu, majina matatu, kwa hiyo hahisi kabisa kwamba amezidisha. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho ni gramu 4 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mnywaji wa kila siku, au mgonjwa ambaye hajatia kitu tumboni siku mbili, asiikaribie hata hiyo bila kuuliza.

Sababu iko kwenye ini. Sehemu kubwa ya paracetamol ini huifunga na kuitoa kwa mkojo, lakini sehemu ndogo hugeuka kuwa kemikali kali iitwayo NAPQI. Seli za ini huizima kwa glutathioni, ambayo ni kama sanduku la kikoba: wakikopa wachache linajaa tena, wakikopa wote siku moja linabaki tupu. Hapo NAPQI hung'ang'ania protini za seli, hasa zile za mitokondria zinazotengeneza nishati. Nishati ikikatika, pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli husimama, sodiamu huingia, maji hufuata, seli huvimba. Mpaka hapo bado inaweza kurudi katika hali yake. Utando wake ukishapasuka hairudi tena, na vimeng'enya vilivyokuwa ndani humwagikia kwenye damu. Ukipewa majibu ya vipimo vya ini yameandikwa ALT na AST zimepanda, hivyo ndivyo vimeng'enya vyenyewe.

Sasa sikia jambo ambalo huwa nalirudia kaunta nzima inisikie. Aliyezidisha paracetamol hutapika au kusikia kichefuchefu siku ya kwanza, halafu mara nyingi anapata nafuu. Anakaa kitako, anaomba uji, ndugu wanamshukuru Mungu. Ni kipindi hichohicho seli za ini zinapokufa, na manjano ya macho huenda yasionekane mpaka siku ya tatu au ya nne. Ipo dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, inayolipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni upya. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa ndani ya saa 8 tangu azidishe. Anayesubiri dalili ndipo apande bodaboda kwenda hospitali amezichezea saa hizo. Hata zikipita, mpeleke, bado inaweza kusaidia.

Pombe ya kienyeji iliyoingiwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, inacheza mchezo uleule. Mnywaji analewa kawaida na kulala. Ini linaigeuza methanoli polepole kuwa asidi ya fomiki, na kesho yake macho yanaona ukungu.

Njia ya kuingilia nayo ina uzito wake. Wateja wangu wanaotoka machimbo ya dhahabu ya Geita wamezoea kushika zebaki kwa mikono mitupu, na huniambia, "Mbona haijanifanya kitu?" Hata ikimezwa, zebaki ya majimaji hupita tumboni karibu yote. Lakini mvuke wake ukiuvuta, mapafu huchukua karibu asilimia 80, na kutoka hapo huenda hadi kwenye ubongo. Miezi inapita, mikono inaanza kutetemeka, mtu anakuwa na hasira na kusahau, nyumbani wanasema karogwa. Basi kama ni lazima kuchoma zebaki ili dhahabu ibaki, tumia retoti, chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke, iwe nje, mbali na watoto na wajawazito. Kuichomea kwenye kikaango jikoni ni kuilisha familia nzima.

Na anayeila sumu ni nani? Mwaka 1985, wakati wa ukame, Tarime ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla usiopona. Ulihusishwa na muhogo mchungu uliopunguziwa siku za kuandaliwa kwa sababu ya njaa, ukabaki na sianidi. Sianidi huizuia mitokondria kutumia oksijeni, hata kama damu imejaa oksijeni. Mwili hujitetea kwa salfa inayotokana na protini, kwa hiyo muhogo uleule unamuumiza zaidi asiye na dagaa wala maharage ya kulia. Msimu wa shida ndio wa kuuloweka na kuukausha vizuri zaidi, ingawa najua tumbo lenye njaa halina subira.

Mtu akipatwa na sumu nyumbani, tafadhali acheni maziwa. Sijui nani alitufundisha kwamba maziwa yanaua kila sumu. Yanachofanya ni kula muda wenu. Msimtapishe pia, hasa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda, kwa sababu akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayoungua. Dawa ya kunyunyizia nyanya ikimwagikia nguo, vua nguo zote na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, maana inapita kwenye ngozi. Halafu nendeni hospitali na pakiti, chupa au hata kipande cha lebo, na mtu mmoja awe anakumbuka ilikuwa saa ngapi.