Degedege si kifafa jamani, tusichanganye

Huku Arua, Uganda, mtoto akikakamaa na kurusha mikono tu, hutakosa mtu wa kusema "huyo ana kifafa", na hilo jina likishatoka linamfuata mpaka shule. Mimi nalea mtoto wa dada yangu aliyepata degedege, na jirani yangu anaishi na kifafa miaka mingi sasa, kwa hiyo haya mawili nayajua vizuri.

Degedege inakuja na homa. Inashika watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 hivi, mwili unachemka, ghafla macho yanageuka juu na viungo vinatetemeka, mara nyingi dakika chache inaisha. Wengi wao hawapati kifafa kabisa. Lakini homa yenyewe kwetu mara nyingi ni malaria, kwa hiyo hata akiamka anacheza usiseme imepita, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe damu, malaria ikipanda kichwani inaua haraka mno.

Kifafa inarudi bila homa, kwa mtoto au mtu mzima, ni umeme wa ubongo unaovurugika. Na HAIAMBUKIZI, hata kwa mate! Hili linaniuma sana, jirani yangu alianguka sokoni karibu na sigiri watu wakamkimbia badala ya kumsogeza, yaani angeungua hivihivi watu wanaangalia. Dawa zipo, kama phenobarbital na carbamazepine, anakunywa kila siku, na asiache ghafla eti ameona nafuu, inaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Wakati mtu anatetemeka huwezi kujua ni ipi na wala si lazima, msaada ni uleule. Mlaze kwa ubavu, ondoa moto na vitu vigumu, usimbane, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, maji na dawa ya kunywa ngoja azinduke kabisa. Angalia saa, zikipita dakika 5 bado anatetemeka tafuta usafiri mara moja, mganga wa kienyeji asikucheleweshe.

Ukifika mwambie nesi kama homa ilitangulia, ilichukua dakika ngapi, ilishika mwili mzima au upande mmoja, na kama imerudi tena siku hiyo. Kama kuna mtu wa pili pale nyumbani mwambie achukue video kwa simu, daktari akiiona inamsaidia sana.