Mtiki nje? Hapana, mwaga zege

Kaka, umeuliza kama mbao za mtiki wa shamba la miti la Longuza zinafaa kwa uwanja wa kikapu uani kwako hapo Raskazone. Nje, hapana. Zile za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, karibu zote ni mbao za maple, na ziko ndani ya ukumbi. Kwetu Tanga, mbao za nje masika yatazivimbisha. Jirani yangu alitandika mbao barazani. Msimu mmoja tu zikanyanyuka kwenye maungio, ukikanyaga zinalia, na mchwa wameshaingia. Mpira hautadunda vizuri hapo.

Mwaga zege, liwe na mwinamo kidogo maji yatoke. Nusu uwanja ni mita 14 kwa 15. Ringi iwe mita 3.05, upimie juu ya zege lililokwisha kukauka. Nguzo ipake rangi ya kuzuia kutu mapema.