Fileti zimehama, beringi haikai: mchoro wa vigezo na akili unde

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi wa mashine za kupukuchua mahindi, nipo Morogoro. Tangu mwaka jana naiomba akili unde iniandikie skripti za Python za FreeCAD, programu ya kuchora vipuri kwa kompyuta, ili nikibadili kipimo kimoja vingine vijirekebishe vyenyewe. Pleti ya kukalia beringi ilitoka safi kwa shafti ya mm 20. Nilipoandika 25 ili nitumie UCP205, beringi yenye nyumba yake ya kufungwa kwa bolti mbili, fileti (mizunguko ya kulainisha pembe) zilihamia kwenye kingo nyingine kabisa na matundu ya bolti hayakusogea. Nikaiambia irekebishe, matundu yakasogea lakini beringi haikai. Nimenunua kifurushi cha prompti 200, yaani maagizo ya kuiandikia akili unde, kwenye grupu la WhatsApp, hali ni ileile. Nahitaji prompti gani? Au nihame programu? Skripti nimeiambatanisha.

JIBU: Marahaba, fundi. Programu usihame, na kifurushi kingine usinunue. Skripti yako nimeifungua na kuisoma yote, na nimekuta mambo mawili ambayo nakutana nayo karibu kila wiki, kwa mafundi na kwa wahandisi wenye shahada vilevile. La kwanza ni dogo, nitalimaliza haraka. La pili ndilo linaloniuma.

Dogo ni la fileti. Skripti inasema zungusha "Edge7" na wenzake watatu. Hiyo 7 si jina la ukingo, ni zamu yake kwenye foleni. Open CASCADE, injini ya jiometri iliyo chini ya FreeCAD, huzihesabu kingo kila umbo linapojengwa, na umbo likibadilika kidogo tu, uliokuwa wa saba unaweza kuwa wa kumi. FreeCAD 1.0, iliyotoka Novemba 2024, imepunguza sana shida hii kwa anayechora kwa mkono, kwa kuwa sasa programu inafuatilia kila ukingo umezaliwa na hatua gani. Lakini skripti yako inabomoa na kujenga upya kutoka sifuri, halafu inaomba wa saba. Itapewa wa saba, uwe upi uwao. Iambie itafute ukingo kwa sifa zake: mstari ulionyooka, uliosimama wima, wenye urefu sawa na unene wa pleti, ulio kwenye pembe ya nje. Na pembe zizungushwe kabla ya kutoboa. Wanaotumia CadQuery, maktaba ya Python ya kuchora kwa skripti, wazingatie hili zaidi, maana ukichagua kingo kwa "|Z", yaani zote zilizosimama wima, baada ya kutoboa, kila tundu la mviringo lina mshono wake wa wima pale uso wa silinda unapojifunga, nao unachaguliwa pamoja na pembe, na fileti inagoma. Nimeona mtu akihangaika siku mbili na akili unde juu ya kosa hilo, ikimwandikia mistari mipya kila mara, kumbe ilikuwa ni kupandisha hatua moja juu ya nyingine.

Sasa tuje kwenye matundu.

Kwenye toleo lako la kwanza, umbali kati ya matundu umeandikwa 95, namba kavu. Ndiyo maana hayakusogea. Ulipolalamika, akili unde ilifuta 95 ikaandika kipenyo cha shafti mara 4.75. Chukua kikokotoo: 20 mara 4.75 ni 95 kamili. Ukiutazama mchoro wa shafti ya 20 huoni kosa, kwa sababu hapo kosa halipo. Weka 25, inatoka 118.75. Nyumba ya UCP205 ina mm 105 kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Umepishana kwa karibu mm 14, na hata kama matundu ya nyumba ya beringi ni marefu kidogo ili kuruhusu kusogeza, hayasamehi kiasi hicho. Urefu wa kutoka kitako hadi katikati ya shafti nao umefanyiwa vilevile: kwa UCP204, ile ya shafti ya 20, ni 33.3, skripti imezidisha ikapata zaidi ya 41, wakati UCP205 halisi ni 36.5.

Jiulize hiyo 4.75 imetoka wapi. Haimo kwenye katalogi yoyote ya beringi. Imetafutwa ili jibu la jana libaki sahihi, basi. Uliiomba mashine uhusiano kati ya shafti na matundu, wewe mwenyewe hukuupa uhusiano wowote, ikatunga unaoenea kwenye mfano mmoja ulio mbele yake. Ikakuandikia na maelezo mazuri pembeni, "umbali wa bolti hutegemea kipenyo cha shafti", sentensi ambayo mtu akiisoma anatikisa kichwa kukubali.

Vipimo vya beringi havikui kwa kuzidisha. Vinapanda kwa ngazi. UCP204, 205 na 206 zinabeba shafti za 20, 25 na 30. Umbali wa matundu ni 95, 105 na 121. Urefu wa katikati ni 33.3, 36.5 na 42.9. Bolti ni M10, M10, kisha M14. Itazame hiyo bolti: inakaa palepale kwa ngazi moja, halafu inaruka, na tundu la kwenye pleti linaruka nayo kutoka mm 11 hadi 15.5 ukifuata nafasi ya kawaida. Hakuna mlinganyo wa kuzidisha utakaokupa ngazi za namna hiyo. Kwa hiyo kigezo kikuu cha pleti yako ni namba ya beringi, ileile unayoitaja dukani, na vipimo vingine vyote vinasomwa kutoka kwenye jedwali. Jedwali lenyewe lina mistari mitatu. FreeCAD ina karatasi ya hesabu ndani yake. Ukiandika mistari hiyo mitatu humo na kuunganisha mchoro nayo, nusu ya skripti yako haina kazi tena.

Watu wengi wanadhani mchoro wa vigezo ni mchoro ambao namba zake zinabadilishika. Namba za mchoro wowote zinabadilishika. Mchoro wa vigezo ni mahali ulipoandika nini kinafuata nini: pleti inaifuata nyumba ya beringi, nyumba inafuata namba yake, kifuniko kinaifuata pleti, na kitu gani hakiruhusiwi kusogea hata ukibadili vyote. Ivan Sutherland alipoonyesha Sketchpad kule MIT mwaka 1963, mtu aliweza kuchora kwa kalamu ya mwanga kisha kuiambia kompyuta mistari hii iwe sambamba, hii iwe sawa kwa urefu, na kompyuta ikanyoosha mchoro kufuata masharti hayo. Zaidi ya miaka 60 baadaye, masharti bado yanatoka kwa anayeijua mashine. Akili unde imeongeza kasi ya kuyaandika, tena sana, na mimi mwenyewe naitumia kila siku kwa kazi hiyo. Ila mtu asiyejua kwa nini ni 105 hawezi kuiuliza swali litakalotoa 105.

Mwaka huu kijana mmoja alinijia na vifuniko 30 vya shiti ya mm 3, vimeshakatwa kwa leza, vimeshalipiwa. Kila kifuniko kilitakiwa kuwa na ubavu wa mm 50 na mwingine wa mm 50, vikipimwa kwa nje, mkunjo wa digrii 90. Skripti ilijumlisha 50 na 50 ikakata 100. Mchoro wa 3D ulikuwa unapendeza, na kwenye skrini ulifunga vizuri na fremu. Lakini shiti ikikunjwa hujivuta sehemu ya nje na kujibana sehemu ya ndani, na urefu wake bapa ni mfupi kuliko jumla ya mbavu. Kwa nusu kipenyo cha ndani cha mm 3 na namba K ya 0.4 (inayoonyesha ni wapi ndani ya unene shiti haijivuti wala haijibani), tao la mkunjo ni 1.5708 mara (3 + 0.4 × 3), yaani mm 6.6. Mbavu zinabaki 44 na 44. Jumla 94.6. Alikata mm 5.4 za ziada kwenye kila kimoja, mara 30, na matundu yote yakakaa mahali pasipo pake.

Na hiyo 0.4 msiichukue kwangu. Namba K inategemea chuma chenu na mashine yenu ya kukunjia. Kata ukanda wa mm 100 kutoka kwenye shiti utakayotumia, ukunje katikati, pima mbavu mbili kwa nje kwa venia. Zikitoka 52.7 na 52.7, jumla ni 105.4, kwa hiyo unapunguza 5.4 kwa kila mkunjo wa aina hiyo. Kazi ya dakika kumi. Hiyo ndiyo namba ya kuipa akili unde, na ukishaipa itaitumia kwenye vifuniko mia bila kuchoka.

Fundi, nakushauri ubadili mpangilio. Andika kwanza jedwali lako, kwa mkono wako, kutoka katalogi ya beringi unayoinunua kweli, halafu pima moja kwa venia uthibitishe. Kisha mwambie msaidizi wako aandike skripti inayosoma jedwali hilo, na umkataze kuweka namba yoyote isiyotoka humo. Akiweka, aiandike juu kabisa ya faili, peke yake, uione. Baada ya hapo muagize aandike ukaguzi ndani ya skripti yenyewe: idadi ya matundu, umbali wa tundu hadi ukingo, umbo kuwa kipande kimoja kilichofunga, na uzito. Uzito watu wanaudharau, wakati ndio ukaguzi rahisi kuliko wote. Pleti ya 150 kwa 60 kwa 6 yenye matundu mawili ya mm 11 ni takribani gramu 415 kwa chuma cha kawaida. Skripti ikisema 424, matundu hayajatoboka, hata kama kwenye skrini unaona duara. Na endesha ngazi zote tatu kila unapobadili kitu, hata kama mteja ameagiza moja tu. Ungeendesha 205 siku ile ulipopata 4.75, ungekamata kosa kabla ya kununua prompti.

Hapo kwenye prompti siwezi kunyamaza. Hivyo vifurushi vinavyouzwa kwenye magrupu nimeletewa vitatu. Vyote vinaanza na "wewe ni mhandisi bingwa wa miaka 30", vinaendelea kwa sifa, na hakuna hata kimoja kinachouliza beringi namba ngapi. Kuiambia mashine kwamba ni bingwa hakuipi katalogi yako. Wapo pia wanaotangaza "tuma picha, upate CAD". Wanachorudisha ni faili la STL, ngozi ya pembetatu. Ndani yake hakuna kipenyo, hakuna katikati ya tundu, hakuna hata kipimo kama ni milimita au inchi. Faili hilo linafaa kuchapa sanamu. Ukitaka kusogeza tundu mm 2 utachora upya kutoka mwanzo, na pesa imeshaenda. Wanaouza vitu hivi wanawauzia mafundi ambao tayari wana maarifa wanayoyahitaji, yapo mikononi mwao, na wanawaaminisha kwamba yapo kwenye sentensi ya siri.

Kwa pleti, hasara ni chuma na muda. Ninachokiogopa ni pale tabia hiyohiyo inapohamia kwenye stendi ya tangi la maji, ndoano ya kunyanyulia injini, kinga ya mkanda wa mashine unaozunguka karibu na watoto. Skripti kuisha bila maandishi mekundu ya kosa ina maana kwamba jiometri imefungika. Haisemi lolote kuhusu chuma kitabeba nini. Mwezi uliopita nilionyeshwa mchoro wa stendi ambapo akili unde ilipunguza unene wa nguzo ili "kuboresha uzito", na aliyeiagiza hakugundua kwa sababu umbo lilibaki lilelile. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji. Kazi kama hiyo ipeleke kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, apige hesabu na aweke jina lake. Na wewe mwenye karakana usimpe mchomeleaji mchoro wa kitu cha kubeba mzigo ambao hakuna mtu hata mmoja anayeweza kueleza unene wake umetoka wapi.

Turudi kwa pleti yako ya UCP205. Ukishaweka jedwali, chapa mchoro kwenye karatasi ya A4 kwa kipimo halisi, na uhakikishe printa haijaubana ili uenee ukurasa: chora mstari wa mm 100 pembeni na uupime kwa rula baada ya kuchapa. Kisha chukua beringi yenyewe, iweke juu ya karatasi, na uchungulie kwenye matundu yake mawili. Ukiona duara lote la bolti pande zote mbili, peleka kukata.